Usije ukapiga picha samaki wa baruti: leza ya femtosekunde na seli hai, hatua kwa hatua

Juzi usiku niko kibarazani hapa Chumbageni, umeme umekatika, joto la Tanga la mwezi wa pili hilo mnalijua wenyewe, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Binti wa kaka yangu, yuko nje anasoma. "Shikamoo shangazi, samahani najua huko ni usiku, seli zangu zimeota malengelenge sijui nimezifanya nini." Lab waliyomweka ina hadubini ya fotoni mbili (fotoni ni kichembe kimoja cha mwanga), ile yenye leza ya femtosekunde, inayotoa mwanga kwa mapigo mafupi mno, kaonyeshwa nusu saa kapewa ufunguo basi. Mi nilikaa na mashine ya namna hiyo miaka minne kabla sijarudi nyumbani na niliua seli nyingi kweli, kwaiyo nikamjibu kwa sauti mpaka chaji ikaisha, alafu asubuhi nikaona bora niyaandike maana kila mwaka kuna kijana anapata nafasi huko na hamna aliyemwambia haya kwa Kiswahili.

Nianze na samaki. Mama yangu akienda Deep Sea kununua samaki hanunui kwa macho, anamshika changu katikati anamnyanyua, akiona kalegea pande zote mbili kama kanga mbichi anamrudisha, "huyu wa baruti", yani kavuliwa kwa mlipuko. Magamba yako sawa, macho yanang'aa, rangi yake nzuri tu, ila uti wa mgongo umekatika na tumboni damu imevilia. Baruti siku hizi imepungua sio kama zamani ila sisi wa umri huu wote tunamjua samaki huyo.

Seli iliyopigwa na leza kupita kiasi ndo hivohivo. Unaitazama kwenye skrini iko nzima, imekaa vizuri, picha kali unataka uiweke kwenye ripoti ukurasa wa mbele, kumbe ndani imeshaharibika na kesho haitagawanyika. Tena mbaya zaidi ni kwamba inaweza ikang'aa vizuri KWA SABABU inakufa, nitafika huko.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa kidogo unachokishika

Femtosekunde moja ni sekunde moja ukiigawa mara milioni moja bilioni, yani sifuri kumi na tano. Mwanga wenyewe, na mbio zake zote, ndani ya femtosekunde 100 unatembea maikromita 30 tu, haufiki hata unene wa unywele. Mmisri Ahmed Zewail alipata Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo ya namna hii kuangalia molekuli zinavyoachana na kushikana, kwaiyo hili sio jambo la wazungu peke yao kama wengine wanavyodhani.

Leza ya kawaida ya hadubini hizi, ile ya titani na safaya, inapiga mapigo karibu milioni 80 kwa sekunde na kila pigo ni kama femtosekunde 100. Kati ya pigo na pigo kuna nanosekunde 12.5 za giza. Hesabu hii naipenda: tufanye kila pigo linawaka sekunde moja, basi baada ya kuzima utasubiri saa 34 na ushee ndo liwake tena. Kwaiyo mita ya pawa inakuambia miliwati 8, kidogo, hata kitaa cha tochi kinaishinda, lakini zile miliwati 8 zote zimebanwa ndani ya mapigo, kila pigo nanojuli 0.1, na ndani ya pigo pawa ya kilele ni wati 1,000. Pasi ya umeme hiyo. Alafu unaichukua hiyo pasi unaibana kwenye kidoa chenye upana usiofika nusu maikromita, unakaribia wati trilioni moja kwa sentimita ya mraba. Seli moja ya binadamu ina upana wa maikromita 10 hadi 20 hivi. Fikiria mwenyewe.

Kwa nini tunafanya hivyo basi? Kwa sababu ya ujanja wa fotoni mbili. Mwanga wa infraredi peke yake hauna nguvu ya kuiwasha rangi uliyoiweka kwenye seli, ni kama mtu mmoja mbele ya gunia la mkaa, hanyanyui, lakini wakija wawili kwa wakati uleule gunia linaondoka. Maria Göppert-Mayer aliliandika hili kwa hesabu mwaka 1931 hata leza haijazaliwa, likaonekana kwa macho 1961, na mwaka 1990 Denk, Strickler na Webb pale Cornell wakaligeuza kuwa hadubini. Uzuri wake fotoni hukutana mbilimbili pale kwenye fokasi tu, ile nukta mwale ulipobanwa, juu na chini ya hapo seli haiwashwi. Ndo maana inasifiwa kuwa mpole.

Na ni mpole kweli, ila kwa anayejua. Maana mlango uleule wa watu wawili kunyanyua gunia ndo wanapitia watu watatu kunyanyua gunia zito zaidi. Fotoni tatu za nanomita 800 zikikutana nguvu yake ni sawa na fotoni moja ya nanomita 267, hiyo ni urujuanimno, na hapo ndo DNA inapofyonza. Seli yako inapata kuungua na jua ndani ya chumba chenye giza, yale makovu ya DNA ambayo jua linayafanya kwenye ngozi, herufi mbili jirani kugandana, ndo hayohayo leza inayafanya kwenye kiini cha seli.

Hatua ya 1: macho yako kwanza, seli baadae

Miwani ya leza, ya urefu wa wimbi sahihi, sio ya jirani. Mwanga wa nanomita 800 jicho halioni vizuri, unaona kawekundu hafifu unasema aah hii dhaifu, kumbe dhaifu ni jicho lako. Huwezi kufumba kwa sababu hukushtuka. Vua saa na pete, juu ya meza ya leza vinaurusha mwale kama kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Michigan mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na leza ya aina hii, daktari aliyemwangalia akashangaa jinsi majeraha yalivyokuwa madogo na safi, na kutokana na mshangao huo ndo ikaja operesheni ya macho ya leza ya femtosekunde. Hadithi nzuri ila usitamani kuwa yule mwanafunzi.

Hatua ya 2: pima pawa pale seli ilipo

Hapa ndo watu wengi wanaanguka na binti yetu ndo alipoanguka. Kwenye programu kuna kitelezi kinasema asilimia 10, unaandika kwenye daftari "pawa 10%". Asilimia kumi ya nini? Leza ikiamka asubuhi vingine, vioo vikiwa na vumbi vingine, ukibadilisha urefu wa wimbi ndo kabisa. Chukua mita, weka chini ya obijektivu, ile lenzi inayotazamana na seli, andika miliwati kwa kila alama ya kitelezi na kwa kila urefu wa wimbi utakaoutumia, rudia kila wiki. Inachosha najua.

Namba za kukaa nazo kichwani: mwaka 1997 Karsten König na wenzake walichukua seli 3,500 za ovari ya hamsta wa Kichina (hamsta ni kijipanya cha kufugwa), wakazipiga kwa leza ya femtosekunde kwenye fokasi kali, alafu hawakuziangalia kwa macho wakasema ziko poa, walizifuatilia mpaka siku tatu waone kama zinagawanyika. Miliwati 1, hamna shida. Kupita 6, kugawanyika kukavurugika. Kupita 10, seli zinaharibika kabisa na mara nyingine cheche ya plasma inaonekana. Sasa hizo ni seli zao na lenzi yao na muda wao wa kukaa kwenye kila nukta, usizichukue kama sheria ya barabarani, ila ona jinsi nafasi ilivyo finyu, kutoka salama mpaka maiti ni mara kumi tu. Ukijikuta uko miliwati 15 kwenye safu moja ya seli na unajisifia picha kali, simama.

Hatua ya 3: chagua urefu wa wimbi kwa faida ya seli, sio kwa faida ya rangi peke yake

Rangi yako inaweza ikawaka vizuri sana kwenye nanomita 740. Lakini hapo pia ndo NADH inawaka, ile molekuli ambayo seli inaitumia kupika nishati, iko tele ndani ya mitokondria, hukuiweka wewe imezaliwa nayo. Inafyonza fotoni zako mbilimbili na matokeo yake ni oksijeni zile korofi, hidrojeni peroksaidi na ndugu zake, zinaanza kula mafuta ya utando na protini na DNA. Mitokondria zinakatikakatika vipandevipande, seli ikizidiwa inaamua kujiua kwa mpangilio, na inachukua masaa sio dakika. Ukiweza hamia 850, 900, au zaidi, tafuta rangi inayowaka huko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa viinitete vya hamsta, mwaka 1999, kutoka Wisconsin. Viinitete vya hamsta ni videkezi vibaya mno, ukivitazama tu vinasusa kukua. Watafiti wakavipiga picha kwa leza ya nanomita 1,047 kila baada ya dakika 15 kwa masaa 24, vikaendelea kukua, kimoja wakakipandikiza akazaliwa hamsta mzima. Ndugu zao waliopigwa picha kwa hadubini ya konfokali, ile ya fotoni moja yenye leza ya mwanga unaoonekana, masaa 8 tu yalitosha kuwazuia kukua. Kwaiyo mtu akikuambia leza hizi ni mbaya mkatalie, na akikuambia hazina madhara mkatalie pia.

Hatua ya 4: pawa iwe kitu cha MWISHO kuongeza

Picha ikiwa giza mkono unakwenda wenyewe kwenye kitelezi. Uzuie. Ukiongeza pawa mara mbili mwanga wa rangi unaongezeka mara nne, safi. Lakini madhara hayafuati mara nne. Hopt na Neher mwaka 2001 walipima wakakuta yanapanda kwa kipeo cha kama mbili na nusu, maana yake ukiongeza pawa hiyohiyo mara mbili madhara yanaongezeka mara tano na nusu hivi, na kama ni mambo ya fotoni tatu basi mara nane. Rangi nayo kwenye fokasi inafifia kwa kasi ya namna hiyohiyo, unaongeza pawa ili uone zaidi alafu rangi inaisha unaongeza tena. Kila ukipandisha unalipa zaidi kuliko unachopata. Ni kama yule dereva wa bodaboda anayekanyaga mafuta mlima wa Lushoto kwa gia kubwa, kelele nyingi mwendo hakuna.

Kwaiyo kwanza angalia detekta zako ni nzuri na ziko safi, zima taa zote na ziba mwanga wa skrini, chukua fremu kadhaa za haraka uziunganishe badala ya moja ya taratibu, punguza idadi ya piksel maana sio kila picha lazima iwe ya bango, punguza idadi ya tabaka, na jiulize kama kweli unahitaji picha kila sekunde tano au kila dakika mbili zinatosha. Na shata, kile kizibo cha leza, ifungwe wakati mwale unarudi kuanza mstari mpya (picha inachorwa mstari kwa mstari), kwenye kingo mwale unageuka taratibu na seli za pembeni zinaungua bila hata kuonekana kwenye picha. Hii ilinichukua miezi kuigundua, nilikuwa nashangaa kwa nini zinazokufa ni za pembeni tu.

Kuna mtu atakuambia fupisha mapigo, weka kifaa cha kurekebisha maana vioo vya hadubini vinayatanua mapigo. Ni kweli vinayatanua, na pigo fupi linakupa mwanga uleule kwa pawa ndogo zaidi ya wastani. Inasaidia sana kama shida yako ni joto, mfano ndani kabisa ya ubongo. Kama shida yako ni mambo ya fotoni nyingi kwenye safu nyembamba ya seli usitegemee muujiza, kilele kinapanda na madhara yanapanda nacho. Ujue kwanza adui yako ni yupi, hatua ya 6 itakuambia.

Hatua ya 5: angalia kama kuna kitu cheusi

Watu wanaogopa joto la maji. Kwenye nanomita 800 au 850 maji hayafyonzi sana, seli kwenye midia, yale maji ya kuzilishia, na miliwati zako chache haipati hata sehemu ya kumi ya digrii. Joto linakuwa kesi kwenye mambo mawili. La kwanza ni tishu nene na pawa kubwa: Podgorski na Ranganathan mwaka 2016 walipima ubongo wa panya wakakuta unapanda mpaka digrii 1.8 kwa kila miliwati 100, na ukimwaga zaidi ya miliwati 250 mfululizo madhara yanabaki.

La pili ni vitu vyeusi, na hili linatuhusu. Melanini inafyonza mwanga huu kwa pupa, chembe moja ya melanini ndani ya seli inakuwa jiko la mkaa, inachemka peke yake na majirani hawana habari. Ukitumia mipangilio uliyoikopa kwenye kazi ya watu wenye ngozi nyeupe ukailetea ngozi zetu bila kupunguza, utaunguza. Na malaria! Binti huyu kabla ya kuondoka alikaa Muheza anahesabu vijidudu kwenye slaidi kwa hadubini ya kawaida, kwaiyo nilimwambia hivi: kile kijiuchafu cheusi unachokiona ndani ya kijidudu, hemozoini, mabaki ya damu aliyoila, ukikipiga kwa leza hii kinapata moto ghafla, maji yanayokizunguka yanageuka kapovu ka mvuke na chembe ya damu inapasuka. Ni madhara, ila kuna waliogeuza madhara kuwa kipimo, mwaka 2014 watafiti wa Rice University huko Houston walionyesha kwamba kapovu hako, kwa mapigo ya pikosekunde, kana sauti unayoweza kuinasa kupitia ngozi na kujua kuna malaria bila kutoboa mtu sindano.

Hatua ya 6: weka kontroo tatu, sio moja

Kontroo ni seli za kulinganishia, ujue aliyeua ni nani. Hii ndo hatua inayorukwa na ndo inayotenganisha kazi na mchezo.

Ya kwanza ni seli za sahani ileile ambazo hazikuguswa na mwale. Tumia sahani yenye gridi chini ili kesho uzikute, usiseme nitazikumbuka, hutazikumbuka.

Ya pili ni sahani iliyokaa kwenye meza ya hadubini muda uleule, midia ileile, leza imezimwa. Mara nyingine aliyeua sio leza, ni ubaridi wa chumba au kaboni dayoksaidi kukosekana, na wewe umeshamshitaki asiye na kosa. Midia nayo iangalie, zile za rangi nyekundu na zenye riboflavini nyingi zinasaidiana na mwanga kutengeneza oksijeni korofi.

Ya tatu hii tamu: leza ya titani na safaya ukiivuruga kidogo inaacha kutoa mapigo inatoa mwanga wa mfululizo, urefu wa wimbi uleule, miliwati zilezile, ila kilele hakuna. Piga seli nyingine hivyo. Zikifa na hizo, adui ni joto au kitu kinachofyonza moja kwa moja. Zikiishi wakati zile za mapigo zimekufa, adui ni fotoni zilizokusanyana, na dawa yake ni kupunguza kilele sio kuweka feni. Nilifanya jaribio hili mwaka wangu wa tatu. Mwaka wa TATU. Wiki nyingi za data nikazitupa kwenye ndoo, na msimamizi wangu akaniangalia tu hakusema kitu, ile ya kunyamaza inauma kuliko kufokewa.

Hatua ya 7: mnyanyue samaki

Yani subiri, alafu kagua. Ukiwa bado kwenye hadubini dalili za mapema ni hizi: malengelenge kwenye utando, seli kujikunja, vishimo vya maji ndani ya saitoplazimu, kalisi (kalsiamu ambayo seli inaitumia kupeana ishara) kupanda ghafla na kusambaa kwa jirani kama umbea wa mtaani (leza peke yake inaweza kuwasha wimbi la kalisi, kwaiyo kama unachunguza kalisi una kazi, maana unaweza kuwa unapiga picha ya kilio ulichokisababisha mwenyewe). Na ile niliyoahidi juu, mng'ao. Seli inayoharibika mara nyingi inaanza kung'aa zaidi yenyewe, doa linalowaka mahali ambapo hukuweka rangi, mgeni anafurahi anadhani kapata kitu. Ukiona fremu za mwisho zinang'aa kuliko za kwanza bila sababu usishangilie.

Rangi za kupima vifo, kama propidiamu, zinakuambia utando umetoboka tu. Seli inaweza kufaulu mtihani huo leo ikafa kesho kwa kujiua. Kwaiyo rudisha sahani kwenye inkubeta, iangalie baada ya saa moja, baada ya 24, na baada ya 72. Swali ni moja, zimegawanyika kama jirani zao ambao hawakuguswa? Angalia pia majitu, seli kubwa kupita kiasi ambazo zimekua zikashindwa kugawanyika. Kama una uwezo wa kupaka kingamwili angalia alama ya H2AX kwenye kiini, ni protini inayotiwa alama pale DNA ilipokatika.

Kama nia yako ni kukata, sio kutazama

Hii fupi maana sio wote mnaihitaji. Kuna wanaotumia leza hii kama kisu. Mwaka 2002 Tirlapur na König walitoboa utando wa seli wakaingiza DNA ngeni, 2004 Yanik na wenzake walikata neva za mnyoo mdogo zikaota tena na mnyoo akarudi kutambaa ndani ya siku moja. Alfred Vogel na wenzake wa Lübeck waliandika mwaka 2005 jinsi kisu chenyewe kinavyofanya kazi na ukisoma utaona visu ni viwili. Ukitumia mapigo mamilioni ya nguvu ndogo, elektroni zinang'oka kutoka kwenye maji na molekuli moja moja, zinakata kemikali polepole bila mlipuko, ila oksijeni korofi zinatapakaa. Ukitumia pigo moja moja la nguvu kubwa unapata plasma, shinikizo, na kapovu kanachotanuka na kuporomoka. Hiyo ndo baruti yenyewe sasa, na kama baharini, aliyekusudiwa ni mmoja lakini matumbawe yote ya jirani yanajua. Anza chini kabisa panda kidogokidogo mpaka uone mkato, simama hapo, usiongeze "kwa uhakika".

Na kama unasababisha jeraha la DNA makusudi ili uone seli inavyojitibu, kumbuka leza inaacha majeraha mchanganyiko, ya mtindo wa jua na ya kukatika nyuzi zote mbili, kwaiyo usiandike "tulisababisha aina hii" bila kupima.

Jirani alivyosikia nazungumzia leza akaniuliza kuhusu ndugu yake aliyefanyiwa macho kwa leza ya femtosekunde na wiki kadhaa baadae mwanga unamuumiza japo anaona vizuri. Hilo linajulikana, lilionekana zaidi miaka ya mwanzo mashine zilipotumia nguvu kubwa zaidi, kwa kawaida hutibiwa kwa matone ya steroidi, lakini arudi kwa daktari wake, mi ni mtu wa seli kwenye sahani sio wa macho ya watu.

Turudi kwa binti. Alikuwa kwenye nanomita 740, kitelezi asilimia 20, tulipopima ikawa miliwati 14 na fremu moja moja za taratibu. Kashuka mpaka 3, kahamia 880, kaunganisha fremu nane. Jana kanitumia picha, ina chengachenga anailalamikia, "shangazi mbona mbaya hivi". Leo asubuhi katuma ya masaa 24 kwenye gridi ileile, nyingi zimegawanyika, mbili zimejikunyata pembeni kule mwale unapogeukia. Nimemwambia arekebishe shata na asiniambie chochote mpaka Ijumaa zifike 72.